Taa ya Injini Haijakutuma Ununue Sensa

Wacha niseme msimamo wangu mapema ndio tujue tunabishania nini. Taa ya injini ikiwaka kwa dashibodi na fundi akutajie bei ya spea kabla hajafungua boneti, huyo hajakupimia gari. Amekuuzia bidhaa. Na nusu ya pili ya msimamo wangu, ambayo najua haitapendwa: wateja ndio wamemzoesha hivyo. Mkenya yuko tayari kulipa elfu kumi kwa kitu anachoweza kushika mkononi, lakini mwambie atoe elfu moja ya kupimiwa tu, anakuona mwizi.

Naongea na nyinyi mlionunua gari ya kwanza juzi, na nyinyi mnaoendesha ndai ya mzazi wikendi, na zaidi ya wote wale vijana wa teksi za app, ambao gari ikilala gereji siku mbili hata nyumbani sufuria inalala. Hii taa inawala pesa kimyakimya, na mara nyingi inawala bila sababu.

Taa yenyewe mnaijua. Kamchoro ka injini, ka manjano, kanawaka asubuhi ukiwa tayari umechelewa. Kuna watu huibandikia selotepu. Kuna wanaotoa waya wa betri dakika kumi, wanarudisha, taa imezima, wanaenda zao wakisema wameponya gari. Na kuna wale huongeza sauti ya redio.

Kwanza mjue hii taa haikuletwa duniani kwa sababu yako. Ililetwa kwa sababu ya moshi. Marekani waliamua kwamba magari madogo yanayouzwa kwao, kuanzia modeli za 1996, lazima yawe na mfumo wa kujichunguza unaoitwa OBD-II, wenye soketi ya aina moja na misimbo inayosomeka na mashine ya mtu yeyote, ndio gari ikianza kuchafua hewa dereva aambiwe. Ulaya na Japani nao wakaja na sheria zao za namna hiyo. Ndio maana gari uliyoletewa kutoka Japani, ambayo sheria yetu inataka isiwe imepita miaka 8, ina kasoketi kamejificha pale chini ya usukani. Kwa hivyo taa ikiwaka haisemi "sensa fulani imekufa." Inasema kuna kitu kinaweza kuharibu moshi, na kuna msimbo umeandikwa ndani wa kumwelekeza fundi aanze kutafuta wapi. Aanze kutafuta. Hiyo ndiyo sehemu tunayoruka.

Tuchukue msimbo mmoja tu, maana nikizungumzia yote tutalala hapa. P0171. Ni kati ya ile inayotokea sana kwa magari ya petroli yaliyozeeka kidogo, na ndio unaoniudhi zaidi kwa vile watu wanavyoutibu. Maana yake ni kwamba mchanganyiko umekuwa mwepesi: hewa imekuwa nyingi, petroli imekuwa kidogo.

Injini ya petroli inataka karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Fikiria kompyuta kama mpishi wa ugali ambaye hashiki unga wala maji kwa mkono wake. Kuna sensa pale hewa inapoingilia, mafundi huiita MAF, inayomwambia hewa kiasi gani imepita. Yeye anakadiria petroli ya kutosha hiyo hewa. Halafu huku nyuma kwa ekzosi kuna sensa ya oksijeni, ambayo inaonja moshi na kumrudishia jibu: oksijeni imebaki nyingi, ongeza petroli, imebaki kidogo, punguza. Anaongeza kidogo, anaonja, anaongeza tena. Kuna kiwango ambacho akifika anasema basi, nimeongeza mpaka nimechoka na bado hewa ni nyingi, hii si kawaida. Hapo ndipo anawasha taa.

Sasa fundi anachomeka mashine, anasoma P0171, anaona habari ya oksijeni, anasema sensa ya oksijeni imeharibika. Jamani. Hiyo sensa ndiyo imepiga ripoti! Ni kama uende kituo cha polisi kuripoti kwamba umeibiwa, wakufungie wewe, mwizi aendelee na maisha yake. Inaweza kutokea sensa iwe imezeeka na inadanganya, sikatai. Lakini shahidi huwa humkamati kwanza.

Na washukiwa ni wengi. Hewa inaweza kuwa inaingia kwa ufa mahali ambapo MAF haiioni. MAF yenyewe inaweza kuwa chafu na inahesabu vibaya. Pampu ya petroli inaweza kuwa imechoka, filta ya petroli imeziba, injekta zimeziba. Ekzosi inaweza kuwa na tundu kabla ya ile sensa, hewa ya nje ikaingia ikaonjwa pamoja na moshi. Hayo yote, msimbo mmoja. Mtu akikuambia msimbo umetaja kipuri, muulize umetaja wapi.

Kaka yangu anaendesha teksi ya app, gari ndogo ya Kijapani, si yake, kila jioni kuna pesa ya mwenye gari. Mwaka jana taa ikawaka, P0171, na gari ikawa haivuti vizuri ukitoka kwa matuta. Fundi wa kwanza alibadilisha sensa ya oksijeni, akatoa waya wa betri, taa ikazima. Siku tatu ikarudi. Fundi huyohuyo akasema basi ni plagi na koili. Zikabadilishwa, betri ikatolewa tena, taa ikazima tena, ikarudi tena. Akahama gereji. Huko wakamwambia pampu ya petroli. Wakati huo alikuwa ametumia kama 19,000 na mwenye gari ameanza kumpigia simu kwa ile sauti.

Wa tatu alikuwa mzee mmoja mwenye kibanda huko Kariobangi. Hakugusa spana kwanza. Alimuuliza kaka yangu maswali kama daktari: inasumbua zaidi ikiwa baridi au ikiwa imepata moto? Ukiwa umesimama kwa taa za barabarani inatetemeka? Ukianza kutoka inashtuka? Umewahi kubadilisha filta ya hewa, na nani aliifunga? Akachomeka mashine, lakini hakuangalia msimbo, aliangalia namba zinazocheza. Akamwambia kaka kanyaga breki kabisa, weka D, sasa weka R. Injini ikainama huku, ikainama kule, na namba ikaruka. Mzee akacheka. Akaingiza mkono chini ya ule mpira mkubwa unaotoka kwa filta kwenda kwa injini, ule wenye mikunjo kama kodiani, akaufinya. Chini, mahali huwezi kuona ukisimama mbele ya gari, kulikuwa na mpasuko unaoingia ukucha.

Ule mpira uko kati ya MAF na koo la injini. Kila injini ikiinama wakati wa kuondoka, mpasuko ulikuwa unafunguka na kunywa hewa ambayo haijahesabiwa. Sensa ya oksijeni ilikuwa inasema ukweli siku zote, ile ya zamani na ile mpya waliyomuuzia.

Mpira mpya 2,200. Mzee akaitisha 1,500 ya kazi yake. Na hapa ndipo nataka mnisikize: kaka yangu, aliyelipa 19,000 bila kunung'unika, alianza kubishana kuhusu hiyo 1,500. "Lakini mzee, ni mpira tu umefunga, dakika kumi." Mzee akamwangalia, akasema, "Ningekuambia ni sensa ingine, ungelipa bila kuniuliza."

Nilikuwa nimesimama hapo. Hilo jibu halijaniacha.

Angalia hesabu ya fundi. Mteja anakuja anasema "niangalizie tu." Fundi anaangalia saa mbili, anapata ugonjwa. Mteja anasema asante sana fundi, anaenda kwa binamu yake na jibu mkononi, binamu anafunga kipuri kwa mia tatu. Yule aliyetumia kichwa analala njaa. Wiki ijayo akija mteja mwingine, unafikiri atafikiria tena bure? Atasema "ni sensa," ataenda dukani, na kwa ile bei ya sensa ataweka kitu chake juu, na mwenye duka labda atamrudishia kitu. Hata gari isipopona, siku imelipwa. Tumeweka malipo yote kwa spea, tukashangaa mbona kila ugonjwa unatibiwa na spea.

Sisemi mafundi wote ni hivyo, na sisemi wale wa hivyo ni watu wabaya. Wengi wamejifunza kazi kwa mikono yao, na magari ya zamani ya kabureta waliyojifunzia hayakuwa na kompyuta ya kubishana nayo. Lakini huruma yangu ina mwisho. Kununua ile mashine ya kusoma misimbo na kukataa kujifunza inachosema ni uvivu, period ya elimu yako iwe ilikuwa gani. Kusoma msimbo si kupima gari. Ni kama homa: zamani ukipata homa ulimezeshwa dawa ya malaria na majirani bila kupimwa damu. Siku hizi hata muuza dawa anakuambia kapimwe kwanza.

Sasa turudi kwa hiyo njia ya hewa, maana ukiijua hata mtu hakudanganyi ovyo. Hewa inaingia kwa filta. Na filta zetu zinateseka. Ukiishi mahali barabara ni ya vumbi, filta inajaa haraka, halafu kuna ule mchezo wa pale petroli stesheni, "nikupulizie filta mkubwa?" Anaitoa, anaipuliza na upepo mkali wa kompresa, wakati mwingine kutoka upande wa uchafu kwenda upande safi. Karatasi inachanika vitundu ambavyo huoni, vumbi linapata barabara ya lami. Kisha anairudisha kisanduku bila kufunga klipu zote. Filta ya karatasi ni ya kubadilishwa. Ni kati ya vitu vya bei nafuu kabisa kwa gari nzima na bado watu wanaipuliza miaka mitatu.

Vumbi likipita filta, linakutana na MAF. Kwa magari mengi ndani yake kuna kawaya kembamba sana kanachopashwa moto. Hewa ikipita inakapoza, na kompyuta inahesabu hewa kwa kuangalia umeme unaohitajika kukarudishia joto. Kakivaa blanketi ya vumbi na mafuta, hakahisi baridi vizuri, kanasema hewa ni kidogo kuliko ilivyo, petroli inayotolewa inakuwa kidogo, unapata P0171. Dawa yake mara nyingi si sensa mpya. Ni kopo la dawa maalumu ya kusafisha MAF, unapuliza, unaacha ikauke yenyewe, unarudisha. Usiguse kale kawaya na kitambaa wala kidole, usikapulize na kompresa, na usitumie ile dawa kali ya kabureta ati kwa sababu zote ziko kwa kopo. Nimeona mtu anasugua na pamba za masikio. Niliondoka tu.

Baada ya MAF ndio ule mpira wenye mikunjo, halafu koo la injini lenye kifuniko kinachofunguka ukikanyaga mafuta, halafu manifoldi inayogawia silinda hewa. Kuzunguka hapo kuna vipaipu vidogo vya mpira vinavyovuta hewa kutoka manifoldi: cha busta ya breki, cha vali ya PCV inayorudisha mvuke wa oili, na vingine vya mvuke wa petroli. Vyote ni mpira, na mpira unazeeka. Gari imeletwa ikiwa na miaka saba, umeiendesha mingine mitano, kila jioni imeketi kwa jam ya Thika Road boneti ikiwa moto kama jiko. Huo mpira una miaka 12. Ukiufinya unalia. Gasketi ya manifoldi nayo inakauka na kuachia hewa pembeni, hasa asubuhi kabla injini haijapata moto.

Hewa inayoingilia kwa hivyo vipaipu au kwa gasketi ina tabia yake, na hapa ndipo kale kasoketi kana maana. Ukiwa na kasomaji kadogo ka Bluetooth na app kwa simu, tafuta herufi STFT na LTFT. Hizo zinaonyesha asilimia ya petroli ambayo kompyuta imeongeza au kupunguza, moja ya sasa hivi na nyingine ya mazoea. Gari nzima hucheza karibu na sifuri, labda 5 juu au 5 chini. Jumlisha hizo mbili: zikipita 10 kwenda juu na kubaki huko, kuna kitu. Zikikaribia 25 hivi taa huwa inawaka, ingawa kila kampuni ina kiwango chake.

Injini ikiwa imepata moto, soma namba gari ikiwa imesimama tu inanguruma. Kisha piga resi kidogo, shikilia mizunguko 2,500, soma tena. Kama ilikuwa juu ukiwa umesimama na sasa imeshuka karibu na sifuri, shuku tundu baada ya koo la injini. Sababu ni rahisi: tundu halikui, lakini hewa ambayo injini inameza imeongezeka, kwa hivyo ile ya wizi imekuwa tone kwa ndoo. Kama namba ilikuwa nzuri ukiwa umesimama na inapanda ukiipa gari kazi, kama kupanda mlima, basi shuku MAF chafu au petroli isiyofika ya kutosha. Ule mpira mkubwa wa kaka yangu ndio huleta utata, kwa sababu uko kabla ya koo, na mpasuko wake ulikuwa unafunguka na kufunga kulingana na injini inavyoinama. Ndio maana mzee alichezesha D na R badala ya kupiga resi tu. Na kuna magari ambayo hayana MAF kabisa, yanapima shinikizo ndani ya manifoldi. Hayo tundu likiingia, mara nyingi injini inaanza kunguruma juu kuliko kawaida badala ya kulalamika mchanganyiko. Kwa hivyo usichukue haya maneno yangu ukaenda kumfokea fundi. Chukua ukamuulize maswali.

Gereji zilizojipanga zina mashine ya moshi. Wanaingiza moshi mzito kwa njia ya hewa, kwa shinikizo dogo, injini ikiwa imezimwa, halafu wanaangalia unatokea wapi. Hakuna kubahatisha, ufa unajionyesha. Asiye na hiyo mashine husikiliza sauti ya kufyonza, anafinya vipaipu kimoja kimoja, au ananyunyizia maji kidogo penye shaka na kusikiliza kama injini inabadilisha sauti. Wale wanaopuliza dawa ya kabureta juu ya injini inayowaka wakitafuta tundu, mimi nakaa mbali na nakuomba ukae mbali. Ile kitu inashika moto, na ekzosi iko hapo karibu.

Kuhusu ile dawa ya kutoa betri. Inafuta msimbo na inafuta yale mazoea ya kompyuta. Hiyo inamaanisha umefuta ushahidi. Fundi mzuri atakayekuja baadaye anakuta daftari tupu na lazima gari iendeshwe upya mpaka ikosee tena. Na wauzaji wa magari wanajua huu ujanja. Ukienda kununua gari ya mkono wa pili, washa switchi bila kuwasha injini na uangalie kama taa ya injini inatokea. Lazima itokee, halafu izime baada ya injini kuwaka. Isipotokea kabisa, kuna mtu ameiua. Ikitokea na kuzima vizuri, bado chomeka kasomaji uangalie kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Mengi yakiwa hayajakamilika, ujue inawezekana ilifutwa kabla hujafika, muuzaji akuambie alifuta nini.

Kitu kimoja cha usalama na siwezi kukiruka. Taa ikiwaka imetulia na gari inaenda sawa, una muda, endesha polepole utafute pa kupimiwa. Ikiwa inawaka na kuzima, inapepesa, na injini inamisi, toa mguu, simama mahali salama. Petroli ambayo haijachomeka inaingia katalaiza na kuichoma, na ile si kitu ya elfu mbili. Mchanganyiko mwepesi ukiachwa miezi mingi nao unaleta kumisi na joto, kwa hivyo selotepu si mpango.

Mimi ni msichana, kwa hivyo kuna gereji nikiingia naambiwa nimpigie baba au bwana simu waongee "vitu vya gari." Nimegundua kitu kinachowanyamazisha. Nauliza bei ya kupima kabla ya kitu chochote, na nasema nitailipa hata kama hakuna kitakachobadilishwa. Mtu anashtuka. Halafu namwambia nataka nione namba kabla, nione namba baada, na kipuri cha zamani nipewe mkononi. Anayekataa hayo matatu, natafuta mwingine, Nairobi haina uhaba wa gereji. Anayekubali, nampa pesa yake yote bila kukata hata mia, na nikiambiwa "ni klipu tu ilikuwa imelegea" sirudi kuuliza mbona nimelipa elfu moja na mia tano kwa klipu.

Na ukishaambiwa kweli ni ule mpira, usikimbilie ule uliotolewa kwa gari iliyokatwakatwa ati kwa sababu ni orijino. Orijino ndiyo, lakini una umri uleule na wako, umepikwa na joto lilelile, labda nchi tofauti. Ukiwa Kirinyaga Road, ushike, uukunjue kila mkunjo, angalia ndani na upande wa chini kwa mwanga wa simu kabla pesa haijatoka mfukoni. Ukipata mpya wa kukaa vizuri, chukua huo.